Sakafu imepanda, sinki la choo linayumba: flenji inatakiwa ikae wapi?

Swali: Shikamoo fundi. Naishi na mama huku Uyole, Mbeya. Bafu letu lilikuwa limetitia upande wa choo na marumaru zinacheza, tukamwita fundi marumaru. Alivunja pale palipotitia, akamwaga zege, kisha akapandisha sakafu yote na kuweka marumaru mpya chini na ukutani. Aliporudisha sinki la kukaa likawa linayumba, na tukiflashi maji yanachuruzika chini yake. Asubuhi kuna harufu. Yeye anasema tuzungushie simenti nyeupe, itashika. Nimeenda Mwanjelwa nikauziwa flenji mpya ya inchi nne, haiingii kwenye bomba letu, ambalo nalo naambiwa ni la inchi nne. Je, tuzungushie hiyo simenti? Flenji inabadilishwaje? Na kazi hii naweza kuifanya mwenyewe?

Jibu: Marahaba, mwanangu, na mama msalimie.

Simenti nyeupe usikubali, hata kama fundi ameshaikoroga. Maji yanayotoka chini ya sinki hayakomi kwa kuzibiwa pa kutokea. Yatabaki humo chini, yataingia kwenye viungo vya marumaru, yatanywewa na niru (ile simenti ya kusawazishia iliyo chini ya marumaru), na mwisho yatafika kwenye udongo uleule uliotitia mara ya kwanza. Wewe utaona sakafu kavu utasema tumepona, mpaka marumaru zianze tena kulia ukizikanyaga. Tena sinki lililogandishwa kwa simenti halitoki zima. Siku ya kulitoa mtalivunja kwa nyundo na kununua jingine.

Kwa maelezo yako, kilichotokea kinaeleweka. Sakafu imepanda, flenji imebaki ilikokuwa. Flenji ni ile pete bapa iliyo mdomoni mwa bomba la choo, yenye nafasi za bolti mbili. Sinki hukaa juu yake, na kati yao hubanwa pete ya nta au ya mpira. Flenji inafanya kazi mbili: inalishika sinki lisiyumbe, na inaipa ile pete mahali pa kubanwa ili maji na hewa chafu visipite pembeni. Mahali pake ni juu ya sakafu iliyokwisha kabisa. Juu ya marumaru, narudia, si juu ya zege wala juu ya niru. Ikikaa sawasawa, kinachochomoza juu ya marumaru ni unene wake tu, kama milimita 6 hivi.

Sasa hesabu alichoongeza fundi wako: niru, gundi ya marumaru, marumaru zenyewe. Hapo sentimita mbili au tatu zinapatikana bila shida. Flenji ya zamani imekuwa ndani ya shimo, pete haifikiwi na mdomo wa sinki, na bolti zimekuwa fupi. Mafundi wengi wakifika hapo hukaza nati kwa nguvu ili sinki lishuke, na flenji ya plastiki hupasuka pale pale bolti inapoingia. Sitashangaa ukiikuta yako imemeguka upande mmoja.

Hata hivyo, usilivue sinki kabla hujahakikisha maji yanatoka wapi, kwa sababu maji ya chini ya choo yana asili nyingi. Chukua bluu ya kufulia, ikoroge kwenye tanki la kuflashia mpaka maji yakolee. Kausha sakafu vizuri, tandaza karatasi nyeupe ya chooni kuzunguka kitako cha sinki, kisha tulia kwanza bila kuflashi. Karatasi ikilowa bluu kabla hujaflashi, tanki lenyewe linavuja kwenye bolti zake au kwenye mpira ulio kati yake na sinki. Ikilowa maji meupe, angalia mpira unaoleta maji kutoka kwenye koki. Ikibaki kavu mpaka uflashi, ndipo bluu ikatokea kitakoni, basi ni flenji au pete yake. Kuna na jambo moja la baridi yetu: mwezi wa sita na wa saba maji ya bombani yanakuwa ya barafu, na mtu akioga maji ya moto mlango umefungwa, mvuke hugandia kwenye tanki na kudondoka chini. Hayo si mavujo. Futa tanki kwa kitambaa ukae uone.

Kabla ya kurudi ndani, toka nje ufunue chemba iliyo karibu zaidi na bafu. Kama imejaa au maji yametuama, tatizo lako la kwanza liko huko: bomba limeziba, au shimo la choo limejaa, na masika hili hutokea sana kwa sababu udongo unaozunguka shimo umeshiba maji. Flenji mpya juu ya bomba lililoziba itavuja vilevile. Chemba ikiwa safi na maji yanapita, endelea.

Kulivua sinki si kazi ngumu, inataka watu wawili na uangalifu. Funga koki, flashi, maji yanayobaki kwenye tanki na ndani ya sinki yatoe kwa sponji na kopo. Legeza mpira wa maji, toa nati mbili za kitakoni, kama kuna silikoni ikate kwa kisu, kisha linyanyueni moja kwa moja juu, msiliburute. Lilazeni ubavu juu ya gunia au blanketi kuukuu. Mara tu bomba linapokuwa wazi, lizibe kwa kitambaa kikubwa kilichofungwa kamba, ncha ya kamba ibaki nje. Kitambaa kinazuia vipande vya zege visidondokee ndani, na kinazuia gesi ya shimoni. Gesi hiyo inanuka mayai yaliyooza, inaumiza kichwa na inashika moto. Fungueni dirisha, na asiwepo mtu anayevuta sigara.

Sinki likiwa limelala, litazame chini kabla hujatazama flenji, maana hapa ndipo wengi wanapoteza hela dukani. Kama katikati ya kitako kuna mdomo mfupi unaochomoza kidogo tu, hilo ni sinki la flenji na pete. Kama kuna kipande cha bomba la udongo kinachotokeza wazi, kuelekea chini au nyuma, hilo halikutengenezwa kwa flenji. Linataka kiungio cha mpira kinachovaa kwenye hicho kipande na kuingia kwenye bomba la inchi nne, na sinki lenyewe linafungwa sakafuni kwa skrubu na fisha (vile vizibo vya plastiki vinavyoshika skrubu). Nyumba nyingi za huku zina la aina ya pili, na utakuta fundi amelisimamisha kwa simenti kwa sababu hicho kiungio hakikupatikana siku hiyo. Yaliyobaki nayaandika nikichukulia lako ni la flenji, kama ulivyosema.

Chukua ubao ulionyooka au pimamaji, ulaze juu ya marumaru upite juu ya shimo, kisha pima kwa rula kutoka chini ya ubao mpaka uso wa juu wa flenji. Kipimo hicho ndicho kinachoamua kila kitu. Flenji ikiwa nzima na uso wake uko sawa na marumaru au juu yake kidogo, unahitaji pete mpya tu. Ikiwa imezama kwa kimo kisichofika sentimita moja, pete nene inaweza kutosha, au pete ya plastiki ya kuongezea kimo inayofungwa juu ya flenji ya zamani kwa skrubu ndefu, na silikoni katikati. Ikizama zaidi ya hapo, pete za kuongezea zinaweza kupangwa mbili, lakini mimi nikishafika sentimita mbili napendelea kubadilisha flenji na kuongeza bomba. Kila kiungo unachoongeza ni mahali pengine pa kuvuja.

Kuna wanaobandika pete mbili za nta, moja juu ya nyingine. Sipendi. Nta mbili hazishikani kuwa kitu kimoja kila mara. Sinki likicheza kidogo zinateleza, au nta inasukumwa ndani ya bomba na kupunguza njia. Kama kimo kimepungua, ongeza kitu kigumu kinachofungwa kwa skrubu.

Sasa hiyo flenji yako isiyoingia. "Inchi nne" ni jina tu, halikwambii kipimo halisi. Bomba la PVC la choo tunalotumia hapa nchini na kuliita la inchi nne, kwa nje lina milimita 110. Bomba la kipimo cha Kimarekani linaloitwa hivyohivyo lina milimita 114.3 kwa nje. Flenji iliyotengenezwa kwa lile la Marekani ikivishwa juu ya bomba letu inacheza, na gundi haizibi pengo la namna hiyo. Upande wa pili, kuna flenji ambayo mkia wake wenyewe una milimita 110. Hiyo haikusudiwi kuingia ndani ya bomba, inaingia kwenye soketi, yaani kiungio kifupi kinachovaa juu ya ncha za bomba. Nadhani hiyo ndiyo uliyouziwa: unajaribu kuingiza milimita 110 ndani ya bomba la milimita 110, haiwezi kuingia mpaka kiama. Usiitupe wala usiikwangue kwa grainda. Huenda ndiyo sahihi, ila inakosa soketi.

Namna ya kujua bomba lako ni lipi bila kifaa cha maabara: azima futi ya fundi cherehani, izungushe nje ya bomba. Ukipata kama sentimita 34 na nusu, ni la milimita 110. Ukipata karibu 36, ni la kipimo kile kingine. Andika namba hiyo, na ukienda dukani nenda na kipande cha bomba kama unacho, ujaribishe hapohapo kaunta. Muuzaji mzuri hachukii.

Kuibadilisha kwenyewe kuna njia mbili. Ya kwanza ni ya kuepuka kuvunja: flenji inayoingia ndani ya bomba na kujibana kwa mpira wake. Inafaa pale ambapo zege ni nene na bomba limebanwa pande zote. Ubaya wake inapunguza upana wa njia, na kwenye nyumba ambako watu wanatumia magazeti au karatasi ngumu, pale ndipo zinapokwama. Tena bomba la ukuta mnene lina tundu dogo zaidi ingawa kwa nje ni lilelile 110, kwa hiyo pima ndani pia. Kwa kuwa yako imeachwa chini sana, sidhani kama njia hii itakufaa.

Ya pili ndiyo ninayokushauri. Kwa tindo na nyundo ndogo, vunja zege kuzunguka bomba kwa upana wa kiganja, ushuke mpaka uone kama sentimita kumi za bomba safi. Nenda taratibu, tindo ielekee nje, si kwenye bomba. Marumaru usizipige, kwanza zichane kwa grainda yenye diski ya kukatia marumaru, kisha uzitoe. Kata bomba chini ya flenji ya zamani kwa msumeno wa chuma, mkato uwe mnyoofu, na mabaki ya ncha yakwangue kwa kisu. Vaa soketi juu, weka kipande kipya cha bomba cha kupandisha, halafu flenji. Yote haya bila gundi kwanza. Laza kipande cha marumaru kilichobaki pembeni, weka ubao juu, uone kama flenji italala juu ya marumaru kama inavyotakiwa. Kipande kikiwa kirefu, punguza. Kikiwa kifupi, tupa ukate kingine. Ukishapaka gundi hakuna kurudi.

Kipimo kingine cha kuangalia wakati huohuo ni cha ukutani, na hiki ndicho kinachosahauliwa kuliko vyote. Masinki mengi ya kutolea chini yametengenezwa ili katikati ya bomba pawe milimita 300 kutoka ukutani, na ukuta unaohesabiwa ni ule uliokwisha. Umesema fundi ameweka marumaru mpya ukutani pia. Gundi na marumaru zimekula sentimita moja na nusu au zaidi. Pengine tanki lenu lilikuwa limesogelea ukuta tangu mwanzo, na sasa linausukuma, sinki linainuka mbele. Mtu ataona linayumba atalaumu flenji peke yake. Pima. Kama nafasi imekwisha, huu ndio wakati wa kusogeza bomba, maana zege umeshalivunja.

Geuza flenji ili nafasi za bolti zikae kushoto na kulia, zikiwa umbali sawa kutoka ukutani. Weka alama kwa penseli kwenye flenji, kwenye bomba na kwenye soketi, ndipo ushike gundi.

Gundi ya PVC si ya kupaka kama rangi. Sugua sehemu zote mbili kwa msasa laini, zifute ziwe kavu kabisa, paka kwenye bomba na ndani ya soketi, sukuma mpaka mwisho huku ukizungusha kidogo kufuata alama, shika nusu dakika isirudi nyuma. Kwenye baridi gundi hukauka polepole, na bomba lenye umande halishiki. Hivyo usifanye kazi hii saa kumi na mbili asubuhi mwezi wa saba. Ngoja jua lipande, na uiache hadi kesho yake kabla ya kupitisha maji. Na tafadhali, asije mtu akaleta jiko la mkaa bafuni ili kukausha. Mvuke wa gundi hiyo unashika moto, na mkaa kwenye chumba kilichofungwa unaua kimyakimya hata kama hakuna gundi. Huku kwetu jiko la mkaa linaingizwa ndani kwa urahisi mno.

Kama ulipovunja umekuta bomba ambalo si plastiki, simama. Nyumba za zamani, za enzi za mkoloni na miaka ya mwanzo ya uhuru, Mbeya na Iringa, zina mabomba ya chuma kizito, na nyingine mabomba ya kijivu yanayofanana na simenti ngumu. Hayo ya kijivu huenda yana asbesto. Usiyakate kwa grainda na usiyasugue yakiwa makavu, vumbi lake ni hatari kwa mapafu. Hapo mwite mtu anayejua kuunganisha plastiki na bomba la zamani bila kulikata ovyo.

Tuseme lako ni la plastiki. Kabla ya kujaza zege, angalia ardhi iliyo chini. Sakafu yenu ilititia kwa sababu, na sababu inayonijia haraka ni maji ya choo hichohicho kwa miaka. Udongo wa kwetu huku, hasa maeneo yenye majivu ya volkano, ni mwepesi, na maji yakipita humo kila siku unashuka na kuacha uwazi chini ya jamvi la zege. Kama fundi alimwaga zege juu ya uwazi bila kushindilia, marumaru zitapasuka tena hata flenji ikiwa kamili. Ingiza fimbo kwenye shimo ulilochimba. Ikizama kirahisi, ondoa udongo uliolowa, jaza changarawe au moramu kwa tabaka nyembamba na ushindilie kila tabaka kabla ya linalofuata.

Zege la kujazia liwe la kutosha na lishike marumaru kwa chini pande zote, ili flenji isining'inie. Hapo kwenye kiwiko cha bomba usiache uwazi. Marumaru za kuzunguka zikatwe kwa tundu kubwa kuliko bomba lakini dogo kuliko flenji, kusudi ukingo wa flenji ukanyage marumaru. Baridi inachelewesha simenti pia, kwa hiyo ipe siku tatu kwa uchache kabla ya kutoboa, wiki ni bora zaidi, na uinyunyizie maji.

Kutoboa marumaru: tumia biti ya kutobolea kioo au marumaru, drili ikiwa haipigi nyundo, mpaka upite kwenye marumaru yenyewe. Ukifika kwenye zege ndipo uwashe nyundo na kubadili biti. Weka fisha, na skrubu za shaba au za chuma kisichoshika kutu. Skrubu ya kawaida chini ya choo itaoza utaisahau, halafu siku moja sinki litaanza kuyumba bila sababu. Kabla ya yote hakikisha hakuna bomba la maji wala waya uliopita hapo chini. Fundi marumaru anajua, muulize.

Kabla ya kuweka pete, weka sinki juu ya flenji kavukavu na ulijaribu kwa kulikalia. Sakafu ya bafu ina mteremko wa kupeleka maji kwenye tundu, kwa hiyo sinki kuyumba kidogo hapa ni kawaida. Ziba mwanya kwa vipande vya plastiki ngumu. Kipande cha mbao usitie. Najua mbao za Mufindi zimejaa kila kona na fundi hakosi kipande mfukoni, lakini mbao ikilowa inavimba, ikikauka inasinyaa, mwisho inaoza, na sinki linarudi kuyumba.

Halafu pete. Nta ni nzuri, ila kwenye baridi inakuwa ngumu kama jibini na haitandazi vizuri. Ilaze usiku kwenye chumba chenye joto au iweke juani kidogo, usiipeleke kwenye moto. Ukishaliteremsha sinki juu ya nta usilinyanyue tena. Ukilinyanyua, nta hiyo imekwisha kazi, nunua nyingine. Pete ya mpira inasamehe zaidi: unaweza kulitoa sinki, ukarekebisha, ukalirudisha. Kwa mtu anayefanya mara ya kwanza, na kwa hali ya hewa ya kwenu, mpira nauona bora, mradi uwe wa kimo kinacholingana na kipimo ulichopata.

Toa kile kitambaa cha bombani. Usicheke, watu hukisahau. Mwenzako ashike upande mmoja nawe mwingine, muone bolti zikiingia kwenye matundu, mlishushe wima. Likalie uzito ushuke, bila kulizungusha. Kaza nati moja kidogo, nenda ya pili kidogo, rudi ya kwanza. Sinki likishatulia, acha. Udongo wa sinki hauonyi, ukizidisha mzunguko mmoja unasikia mlio na fedha imekwenda.

Usipake silikoni siku hiyo. Unganisha maji, weka bluu kwenye tanki, tandaza karatasi, flashi mara kadhaa kwa nafasi, lala, kesho angalia tena. Karatasi ikiwa kavu ndipo upake silikoni kuzunguka kitako, ukiacha nyuma nafasi ya vidole viwili au vitatu bila kupaka. Siku pete ikichoka, maji yatatokea hapo na utayaona mapema. Hii ndiyo tofauti kubwa kati yangu na fundi wako wa simenti nyeupe.

Harufu inayokuja asubuhi inatokana na njia hiyohiyo ya flenji, kwa sababu usiku hakuna anayeflashi na gesi hupanda pembeni ya pete iliyoachia. Ikiwa itaendelea hata baada ya kazi, tazama maji yanayosimama ndani ya sinki. Yanatakiwa kuziba njia kwa kina cha kama sentimita 5. Yakiwa yanapungua yenyewe au yanatoa mlio wa kugugumia ukiflashi, huenda bomba la hewa linalopanda hadi juu ya paa limeziba au halikuwekwa.

Kufanya mwenyewe: kupima, kulivua sinki, kubadilisha pete na kulirudisha, unaweza, ukiwa na mtu wa kukusaidia kunyanyua. Kuvunja zege na kuunganisha soketi chini ya sakafu mwite fundi bomba, ila simama naye ukiwa na vipimo vyako vya kimo, cha kuzunguka bomba na cha ukutani. Mpange aje kabla ya fundi marumaru hajarudi kuziba, wasipishane. Wakipishana kila mmoja atasema kosa ni la mwenzake. Kama fundi marumaru bado anakudai, mwambie mapema, kabla hajashika tena mwiko, kwamba salio lake atalipwa siku karatasi zikilala usiku mzima na kuamka kavu.